Koili ya gari kuukuu: Jinsi ya kuitambua, kuipima na kuibadilisha

GARI kuukuu linapozimika katikati ya safari, lawama ya kwanza huelekezwa kwa petroli. Kabureta hufunguliwa, pampu hubadilishwa, tangi huoshwa, na mwishowe mwenye gari huambiwa kwamba injini imechoka. Kumbe mkosaji yumkini ni chombo kidogo chenye umbo la mkebe, kilichofungwa kando ya injini kwa kishikizo cha bati, ambacho hakuna aliyekikagua. Chombo hicho ni koili.

Nchini Kenya, magari ya kale si mapambo pekee. Ni kweli kwamba yako yanayong'arishwa kwa ajili ya maonyesho ya Concours d'Elegance, ambayo yalianza jijini Nairobi mwaka wa 1970, na mengine huandaliwa kwa mashindano ya Safari Classic yaliyoanzishwa mwaka wa 2003. Lakini pia kuna Land Rover inayobeba maziwa, pikapu ya Datsun 1200 inayopeleka viazi sokoni na Peugeot 504 ya petroli inayolipa karo ya watoto. Kwa mwenye gari kama hilo, koili ikifa siku nzima ya kazi imepotea. Na gari likizimika usiku kwenye mteremko wa Salgaa au kona za Mai Mahiu, jambo hilo huwa ni la uhai na kifo.

Isitoshe, koili isiyofaa ni hatari kuliko kutokuwa na koili. Huchoma pointi za distributa, hupata joto kupita kiasi na inaweza kupasuka na kumwaga mafuta yake ndani ya boneti. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuitambua koili ya gari lako, kuipima kwa vifaa vya kawaida na kuweka nyingine pasipo kuharibu kitu.

KAZI YA KOILI

Mfumo unaozungumziwa hapa ni ule wa pointi na kondensa, uliotumika katika takriban magari yote ya petroli kabla ya mifumo ya elektroniki kuenea katika miaka ya 1970 na 1980. Msingi wake uliwekwa na mhandisi Mmarekani Charles Kettering wa kampuni ya Delco. Gari la Cadillac la mwaka wa 1912 lilitoka kiwandani likiwa na stata, taa na uwashaji wa injini vyote vya umeme. Injini za dizeli hazihusiki, kwa kuwa hazina koili wala plagi za cheche.

Ndani ya mkebe wa koili mna kiini cha chuma chenye mizingo miwili ya waya wa shaba. Mzingo wa kwanza ni wa waya mnene uliozungushwa mara mia kadhaa. Wa pili ni wa waya mwembamba kama unywele, uliozungushwa mara maelfu mengi. Kwa kawaida takriban mara 100 zaidi ya ule wa kwanza. Nafasi iliyosalia hujazwa mafuta au lami ili kuhami umeme na kuondoa joto.

Pointi zinapofungika, umeme wa betri hupita katika mzingo wa kwanza na kuzalisha nguvu za sumaku. Zinapofunguka, sumaku hiyo huporomoka ghafla na kuzusha katika mzingo wa pili umeme wa volti 20,000 au zaidi. Umeme huo hupita kwenye waya mnene wa katikati, ukaingia kwenye rota ya distributa, na hatimaye ukaruka kwenye plagi kama cheche.

Kazi hii si ndogo. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huhitaji cheche 6,000 katika dakika hiyo, yaani 100 kila sekunde. Peugeot 404 zilizoshinda mbio za Safari mwaka wa 1963 na kuanzia 1966 hadi 1968, na hata Datsun 240Z zilizotwaa ushindi mwaka wa 1971 na 1973, zilitegemea koili kuimudu kazi hiyo kwa siku kadhaa katika vumbi na matope.

KUITAMBUA KOILI

Kosa kubwa linalofanywa na wanunuzi ni kudhani kwamba koili zote za volti 12 ni sawa kwa sababu mikebe yake inafanana. Ukweli ni kwamba kuna aina tatu ambazo mwenye gari la kale anaweza kukutana nazo.

Ya kwanza ni koili ya kawaida ya volti 12, ambayo mzingo wake wa kwanza una ukinzani wa takriban omu 3. Hii hupokea volti zote za betri moja kwa moja kutoka kwenye swichi. Lucas HA12 na LA12 zilizofungwa katika magari mengi ya Uingereza ni za aina hii. Kadhalika koili ya Bosch ya rangi ya buluu inayofahamika sana na wenye Volkswagen Beetle.

Ya pili ni koili inayofanya kazi pamoja na kikinza cha nje. Mzingo wake wa kwanza una takriban omu 1.5. Kikinza hicho, ambacho mara nyingi ni kipande cheupe cha kauri kilichofungwa karibu na koili, hupunguza volti kabla hazijaifikia. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1970 yana mpango huu. Katika baadhi ya magari ya Uingereza hutakiona kipande chochote, kwani kikinza ni waya maalumu uliofichwa ndani ya mkusanyiko wa nyaya. Katika magari ya British Leyland, waya huo kwa kawaida huwa na rangi za waridi na nyeupe.

Ya tatu ni koili ya volti 6, inayopatikana katika Beetle na magari mengine ya zamani zaidi. Ukinzani wake hukaribia omu 1.5 au huwa chini yake. Ukiiunganisha kwenye betri ya volti 12, itachemka.

Zaidi ya hizo, kuna koili zilizoundwa kwa mifumo ya elektroniki, ambazo baadhi yake zina ukinzani usiofika omu 1. Hizo hazifai hata kidogo kwa gari lenye pointi.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha umuhimu wa tofauti hizi. Volti 12 zikigawanywa kwa omu 3 ni ampea 4, kiwango ambacho pointi hukistahimili kwa muda mrefu. Volti 12 zikigawanywa kwa omu 1.5 pasipo kikinza ni ampea 8. Pointi zitaungua baada ya muda mfupi na koili itapata joto la kutisha. Kinyume chake, ukiweka koili ya omu 3 katika gari lenye kikinza cha omu 1.5, utapata ampea 2.7 tu, cheche itakuwa dhaifu na gari litasumbua kuwaka asubuhi.

Ili kujua gari lako ni la aina gani, fungua kifuniko cha distributa na uizungushe injini hadi pointi zifungike. Washa swichi pasipo kuwasha injini, kisha pima volti kati ya bodi na ncha ya koili inayopokea umeme wa swichi. Ukipata takriban volti 12, gari halina kikinza. Ukipata kati ya 6 na 9 ilhali betri ni nzima, kikinza kipo. Jaribio hili sharti lifanywe pointi zikiwa zimefungika. Zikiwa wazi, hakuna mkondo unaopita, na utasoma volti 12 katika gari lolote. Usiiache swichi ikiwaka kwa muda mrefu.

ALAMA ZA NCHA NA UPANDE WA BETRI

Koili za Ulaya bara huwa na tarakimu: 15 ni ncha inayopokea umeme wa swichi, 1 ni ya kuelekea distributa, na 4 ni mdomo wa katikati wenye volti za juu. Koili za kisasa zaidi zina alama za chanya (+) na hasi (-). Koili za kale za Lucas zina herufi SW kwa upande wa swichi na CB kwa upande wa distributa.

Hapa ndipo mafundi wengi vijana huteleza. Katika magari mengi ya Uingereza yaliyoundwa kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, ncha chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, wala si hasi kama ilivyo katika magari ya leo. Koili zenye herufi SW na CB zilikusudiwa magari hayo.

Kanuni ya kukumbuka ni moja: ncha ya koili inayoelekea distributa iwe na alama ile ile ya upande wa betri uliofungwa kwenye bodi. Ikiwa hasi iko kwenye bodi, hasi ya koili iende kwenye distributa. Ikiwa chanya iko kwenye bodi, chanya ya koili ndiyo iende huko. Na ikiwa gari la zamani limegeuzwa kutoka chanya hadi hasi huku koili ikibaki ile ile ya SW na CB, sharti nyaya hizo mbili zibadilishane nafasi.

Koili iliyofungwa kinyume haigomi; gari huwaka na kutembea. Hata hivyo, cheche huruka vyema zaidi inapoanzia kwenye ncha ya kati ya plagi, ambayo ni moto, ikiwa upande wa hasi. Ukigeuza mambo, koili hulazimika kutoa volti nyingi zaidi kwa cheche ile ile, na gari huanza kukohoa linapopanda mlima au plagi zinapochakaa.

DALILI ZA KOILI INAYOKUFA

Dalili iliyo mashuhuri ni gari linalowaka vizuri likiwa baridi, likatembea kwa muda, kisha likazimika ghafla. Ukilipumzisha nusu saa, huwaka tena kana kwamba hapakuwa na tatizo. Sababu ni kwamba joto hutanua waya uliokatika au hudhoofisha kihami ndani ya mkebe.

Dalili nyingine ni gari kukosa nguvu na kukohoa linapobeba mzigo, cheche nyembamba ya rangi ya manjano badala ya buluu yenye mlio, mafuta yanayovuja, au ufa na mistari myeusi kama mizizi kwenye mdomo wa katikati.

Hata hivyo, usiihukumu koili kabla ya kuwasikiliza majirani zake. Kondensa mbovu huleta cheche dhaifu na huchoma pointi hadi zikawa nyeusi. Petroli inayogeuka mvuke katika bomba lililo karibu na ekzosi pia huzima gari siku ya jua kali. Kisha kuna dalili moja isiyodanganya kirahisi: injini ikishika stata inapozunguka, halafu ikafa mara tu unapouachilia ufunguo, shuku kikinza kabla ya koili. Katika magari mengi yenye mpango huo, stata huipa koili umeme kwa njia ya mkato, na kikinza hutumika baadaye tu.

KUIPIMA

Vifaa vinavyohitajika ni multimita, bisibisi, kitambaa kikavu na, ikiwezekana, koili nyingine inayojulikana kuwa nzima.

Kwanza, pima volti kabla ya kufungua chochote. Washa swichi. Pointi zikiwa wazi, ncha zote mbili ndogo za koili zinapaswa kuonyesha takriban volti 12. Zikifungika, ncha ya distributa ishuke hadi karibu sifuri. Ikiwa ncha ya swichi haina umeme kabisa, tatizo liko kwenye swichi, waya au kikinza. Ikiwa ncha ya distributa haishuki pointi zinapofungika, pointi ni chafu au waya wake umekatika.

Pili, ikiwa ncha ya swichi ina umeme lakini ya distributa haina, ilhali pointi ziko wazi, ondoa waya unaoelekea distributa kisha upime tena ncha hiyo. Umeme ukitokea, mzingo wa kwanza ni mzima, na kosa ni kondensa au waya unaogusa bodi ndani ya distributa. Usipotokea, mzingo wa kwanza umekatika na koili imekufa.

Tatu, zima swichi, ondoa nyaya zote za koili na upime ukinzani. Gusanisha kwanza vyuma viwili vya multimita na uandike kinachosomeka, maana nyaya zake zina ukinzani wake. Toa kiasi hicho katika matokeo. Kati ya ncha mbili ndogo tarajia takriban omu 3 kwa koili ya kawaida, au 1.5 kwa ile ya kikinza. Kati ya mdomo wa katikati na ncha ndogo, koili nyingi za aina hii huonyesha kati ya omu 5,000 na 15,000. Kati ya ncha yoyote na mkebe, multimita isionyeshe muungano wowote.

Kumbuka kwamba ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za joto. Koili ya omu 3.0 katika nyuzi 25 za Selsiasi itasoma karibu 3.6 katika nyuzi 75. Hilo si kosa. Lakini ikiwa koili hufa inapopata joto, ipime papo hapo inapozimika, kabla haijapoa.

Nne, kagua cheche. Njia salama ni kutumia kifaa cha kupimia cheche, au plagi nzima ambayo chuma chake kimefungwa imara kwenye injini, mbali na petroli. Usiuache waya wa katikati ukining'inia huku injini ikizungushwa. Umeme usiopata njia utajitafutia njia ndani ya koili yenyewe, na kihami kikitoboka hakishoneki.

Ni vyema kufahamu pia mipaka ya multimita. Hutumia volti chache mno, ilhali koili huvunjika chini ya volti maelfu. Koili inaweza kufaulu mtihani wa ukinzani na bado ikawa mbovu. Ushahidi wa mwisho ni kuiunganisha koili nzima ya aina ile ile. Kwa kuwa mkebe wa koili hizi si lazima uguse bodi, koili ya akiba inaweza kufungwa kwa muda kando ya ile ya zamani kwa ajili ya jaribio, mradi isiguse ekzosi wala mkanda wa feni.

KUIBADILISHA

Anza kwa kufungua waya wa betri uliofungwa kwenye bodi, uwe wa hasi au wa chanya. Tia alama kwenye nyaya au upige picha kwa simu kabla ya kuondoa chochote. Ondoa waya wa katikati kwa kuushika kwenye kifuko chake cha mpira, usiuvute kwa waya wenyewe. Baadhi ya koili za kale huwa na mdomo wa kufunga kwa skrubu badala ya kusukuma. Hakikisha mpya inaafikiana na waya ulio nao.

Legeza kishikizo, toa koili ya zamani, na usafishe mahali pake. Ingiza mpya ikielekea upande ule ule kama ya awali, kisha ukaze kishikizo kwa kiasi. Ukikaza mno unaubonyeza mkebe na kuumiza kilicho ndani. Unganisha nyaya kwa kufuata kanuni ya bodi na distributa iliyotajwa hapo juu. Sukuma waya wa katikati hadi ufike mwisho, kwani pengo dogo humo huzua cheche inayokula mdomo wa koili.

Ni busara kubadilisha pointi na kondensa kwa pamoja iwapo zimeungua, na kukagua kifuniko cha distributa kama kina nyufa. Koili mpya ikifungwa kwenye pointi zilizochakaa, kosa la zamani litarudi na lawama itamwangukia fundi.

KUNUNUA

Katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, utauziwa koili za kila bei. Usinunue kwa rangi ya mkebe wala jina lililobandikwa. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa ghushi tangu mwaka wa 2008, lakini mlinzi wa kwanza wa mnunuzi ni multimita yake. Omba kuipima koili mbele ya muuzaji: inapaswa kuandikwa iwapo ni ya kikinza au la, na omu zake zikubaliane na maandishi. Anayekataa kipimo cha dakika moja amekwisha kukujibu.

TAHADHARI

Volti za koili huweza kumrusha mtu mzima akagonga boneti au akatia mkono kwenye feni. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo asiukaribie mfumo huu injini inapozunguka. Petroli iliyomwagika ikaushwe kabla ya jaribio lolote la cheche. Mafuta yaliyovuja kutoka kwenye koili yasiachwe ardhini, na mkebe wenyewe usitobolewe.

Zaidi ya yote, usiiache swichi ikiwaka injini ikiwa imezimwa. Pointi zikibahatika kufungika, koili ya kawaida hubaki ikipokea wati 48 za joto pasipo kazi yoyote. Koili ambayo ingedumu miaka 20 huweza kuharibika katika alasiri moja, wakati mwenye gari akisikiliza redio.

Koili nzima ya akiba, iliyopimwa na kufungwa kwa kitambaa chini ya kiti, haichukui nafasi kubwa kuliko chupa ya maji. Anayesafiri na gari la kale kutoka Nakuru hadi Eldoret anafaa kuwa nayo, pamoja na kondensa moja na bisibisi. Akiba haiozi.